Kijana aliyeijua bahari akapata sifuri kwenye swali la bahari: tuzungumze lugha, ujuzi na sisi wenyewe

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, someni mkiwa na nafasi.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia sekondari, mwaka wa kumi na nne sasa, na tisa kati ya hiyo nimeikalia pwani ya Kilwa. Kila mjadala wa lugha ya kufundishia unapozuka naona unageuka haraka kuwa ushabiki, huku Kiswahili, kule Kiingereza, kama Simba na Yanga. Mimi ninachotaka kuuliza kiko chini ya huo ushabiki: tunaposema mtu fulani "anajua" jambo, tunamaanisha nini? Na nani tumempa mamlaka ya kusema huyu anajua na yule hajui?

Naanza na kisa, maana bila kisa nitazunguka tu.

Ulikuwa mtihani wa katikati ya muhula, kidato cha kwanza. Swali moja liliwataka waeleze maana ya "spring tide" na "neap tide". Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, mkaaji wa benchi la nyuma karibu na dirisha, aliandika mstari mmoja kwa Kiingereza cha kuungaunga, kwamba "spring tide" ni maji yanayokuja majira ya "spring". Ya pili aliiacha wazi. Nikampa sifuri. Siku ya kurudisha karatasi nikamuuliza kwa Kiswahili, "Wewe umezaliwa hapa hapa pwani, hujapata kuyaona maji haya?" Akanijibu kwa adabu kabisa, "Sijayaona, mwalimu. Hayo ni ya Ulaya."

Msimcheke. Wiki mbili kabla nilikuwa nimewafundisha majira manne ya nchi za baridi, na "spring" lilikuwa la kwanza ubaoni. Kilwa hakuna majira hayo. Kuna masika na vuli, kuna kaskazi na kusi. Alifanya kile ambacho mtu mwenye akili hukifanya akikutana na neno geni: alilitafutia ndugu yake. Kumbe "spring" ya maji haina undugu na majira, ni ile ya kuchupa, maji kupanda kwa nguvu.

Jumamosi nikashuka ufukweni kutafuta kitoweo. Nikamkuta ameketi kivulini mwa ngalawa ya baba yake iliyopandishwa mchangani, anaziba matundu ya wavu kwa sindano ya mti. Nikamuuliza mbona leo hawajaingia baharini.

"Maji mafu haya, mwalimu. Mwamba hautoki, pweza utampata wapi? Subiri mwezi uandame, siku ya pili ya tatu hivi bamvua likishika, utawaona kina mama wote wako kule nje saa nne asubuhi."

Nikamwambia anifafanulie. Akaweka wavu chini, akanipeleka kwenye nguzo za gati bovu. Akabandika kiganja juu kidogo ya pale chaza walipogandia. "Maji mafu yanaishia hapa." Kisha akanyoosha mkono hadi mstari mweusi wa ukungu, juu kabisa. "Bamvua hapa." Akaendelea bila kuulizwa: kwamba maji yanayopanda sana ndiyo hayo hayo yanayoshuka sana, na maji mafu hayapandi sana wala hayashuki sana. Kwamba kwa mwezi mabamvua ni mawili, la mwezi kuandama na la mwezi mpevu. Kwamba kila siku saa ya kujaa inasogea, si saa nzima, inapungua kidogo.

Mwongozo wa kusahihishia mtihani ule nilikuwa nao kichwani. Alikuwa ametaja kila kilichomo, na ziada.

Nikamwambia, "Hilo bamvua ndilo 'spring tide'. Maji mafu ndiyo 'neap tide'."

Akanitazama, sindano bado mkononi. "Ile ya mtihani?"

"Ile ya mtihani."

"Si ungeuliza bamvua, mwalimu."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina ambalo naweza kulisema mbele yake.

Sasa niseme na upande wangu. Mimi ni mzaliwa wa Iringa. "Spring tide" nililisoma kidato cha kwanza nikiwa sijaiona bahari hata siku moja. Nililikariri kwa Kiingereza, nikalijibu, nikapata alama zote. Neno bamvua nililisikia Kilwa mara nyingi tu, sokoni na kwenye mabaraza, na sikuwahi kuliunganisha na somo ninalolifundisha mwenyewe. Basi pale gatini tulisimama watu wawili: mmoja anayajua maji na hana neno la mtihani, mwingine ana neno la mtihani na maji hayajui. Aliyepewa cheti cha kumpima mwenzake ni huyu wa pili.

Nani kati yetu alikuwa anajua?

Nitaendelea chini, nisiwachoshe.

MLETA MADA (inaendelea)

Tuliangalie neno lenyewe, kujua. Mswahili husema "najua kuogelea", husema "namjua mzee yule", husema "najua kwamba kesho maji yatajaa mapema". Kitenzi ni kimoja. Waliopita kwenye Kifaransa wanajua kwamba kule kumjua mtu na kulijua jambo kila kimoja kina kitenzi chake, na Wajerumani nao wanatenganisha hivyo hivyo. Sisi tumeviweka chungu kimoja, na sidhani ni upungufu. Yule kijana anaijua bahari kwa maana zote tatu kwa mpigo: anaweza kuiendea, anaifahamu kama mtu anavyomfahamu jirani yake, na anaweza kukueleza itafanya nini wiki ijayo.

Ila tazama nomino zake. Kutoka kujua tumepata ujuzi, na ujuzi leo tunaupa mafundi: fundi seremala ana ujuzi, mshonaji ana ujuzi. Elimu na maarifa vimekuja na Kiarabu, na hivyo tumevipa watu wa vitabu. Mtu mwenye heshima ya elimu ni "msomi", yaani kwa asili ni mtu asomaye tu. Na asiyepita darasani tunasema "hajasoma", na kwa wengi neno hilo linatosha kumfunga mtu mdomo kikaoni. Nimeyaona kwa macho yangu kwenye kamati za shule: mzee anayejua mto ulikopita miaka arobaini iliyopita anakaa kimya, anaongea kijana mwenye stashahada, na darasa linajengwa kwenye mkondo.

Lugha ya kigeni haikuileta tabia hii peke yake. Imeikuta, ikaitia muhuri.

MCHANGIAJI (Dar es Salaam)

Mwalimu, kisa kizuri na kimenigusa, lakini nitasema ukweli kama mhandisi. Lugha ni chombo tu. Maji hujaa na kupwa kwa nguvu ya uvutano, uyaite bamvua au uyaite vyovyote. Vitabu vya fani yangu vyote ni vya Kiingereza, mikataba ni ya Kiingereza, mitambo inakuja na maelekezo ya Kiingereza au Kichina. Mtoto ukimfundisha bamvua umemfurahisha, halafu anakwenda kwenye usaili anakosa kazi. Halafu istilahi tutazitoa wapi? Na nikuulize kwa heshima tu, mwanao anasoma wapi?

MLETA MADA

Mkuu, naanza na la mwisho maana ndilo lenye haki zaidi. Binti yangu yuko shule ya msingi inayofundisha kwa Kiingereza. Nimempeleka kwa sababu najua mtihani wa kidato cha nne utamuuliza kwa lugha gani, na sikuwa tayari kumfanya yeye awe kafara wa ninachokiamini. Sijivunii, lakini sitaficha.

Kuhusu historia, wewe na mimi hatuko wa kwanza kubishana. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia shule za msingi zote za serikali, na iliaminika sekondari ingefuata. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza hivyo mwaka 1982. Haikutekelezwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyekipenda Kiswahili kuliko wengi wetu, mwaka 1984 alisema Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia. Sera ya Elimu ya 2014 ikakitamka Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia ngazi zote, na toleo la 2023 likaibakiza sekondari kwenye Kiingereza. Kwa hiyo hofu yako ni hofu ya dola nzima kwa miaka zaidi ya hamsini, siwezi kuidharau.

Istilahi, hapo nakukatalia. TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, walikwisha toa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu 1990. Lakini acha kamusi, nenda gereji yoyote ya mtaani. Fundi anamfundisha kijana injini nzima, kuanzia pistoni mpaka gia boksi, klachi, plagi, kabureta, na sentensi yote ni Kiswahili: "Ukiona moshi mweusi, mafuta yanazidi hewa." Maneno ya kukopa yameingia, yamevaa sarufi yetu, yanafanya kazi. Hakuna kamati iliyokaa. Ulipokuja UKIMWI, jina lenyewe likawa somo: upungufu wa kinga mwilini. Bibi yangu asiyejua kusoma alikuwa anaelewa ugonjwa unafanya nini mwilini kwa kulitaja tu jina lake refu. Waulize Waingereza wangapi wanayapata hayo kwenye kifupisho chao. Barakoa nalo lilikuwa neno la wanawake wa pwani na kifuniko chao cha uso, likawa kama limelala, mwaka 2020 likaamka na mwaka mmoja baadaye liko mdomoni mwa kila konda wa daladala. Na vishikwambi vya sensa ya 2022 vilifika mpaka kijiji cha mwisho pamoja na jina lao.

Sasa "lugha ni chombo tu". Alikuwepo Mmarekani aitwaye Benjamin Lee Whorf, mkaguzi wa kampuni ya bima ya moto, aliyependa kuchunguza lugha. Aliona kwamba watu huwa waangalifu sana karibu na madumu yaliyojaa petroli, lakini karibu na madumu "matupu" huvuta sigara bila wasiwasi. Na dumu tupu ndilo la hatari zaidi, maana limejaa mvuke unaolipuka. Neno "tupu" lilikuwa limewaambia hapana kitu. Whorf baadaye alikwenda mbali kuliko ninavyoweza kumfuata. Siamini kwamba lugha ni gereza, na yule kijana wa Kilwa ni shahidi, alivuka kutoka bamvua hadi "spring tide" kwa sekunde mbili mara tu mtu alipomwonyesha daraja. Lakini chombo kinachokufanya uwashe sigara karibu na petroli si chombo tu.

MCHANGIAJI (Mombasa)

Mwalimu nakusoma kutoka huku Mombasa. Bamvua na maji mafu ni maneno yetu sote, mpaka Lamu. Niongeze moja. Watu wengi bara wanasema kaskazini na kusini kila siku na hawajui wanataja pepo. Kaskazini ni kule kaskazi inakotokea, kusini ni kule inakotokea kusi. Hata pwani yenyewe ni mahali maji yanapopwa. Mtu wa Nairobi akisema "naenda pwani" amesema jambo la bahari bila kujua. Mimi marehemu babu yangu alikuwa nahodha, akisema "sasa ni tanga mbili" ulikuwa unajua upepo hautabiriki, usitie mzigo mkubwa. Sisi wajukuu tuna programu ya hali ya hewa kwenye simu. Neno tanga mbili halimo.

MLETA MADA

Ahsante sana, ndugu yangu. Umenipa kitu cha kufundishia wiki nzima. Tafadhali, kama kuna wazee bado wako hai huko, kaeni nao na simu ya kurekodia.

Nimekuwa nikilifikiria hili la kusini tangu nilipolisoma. Mtu wa Goma akisema kusini mwa mji wake, ametumia kipimo kilichotungwa na mabaharia ambao hawakufika Goma. Ujuzi umesafiri hadi mahali ambapo sababu yake haikufika, na neno likabaki linafanya kazi. Labda ndivyo lugha zote zilivyo, ghala ambalo tumerithi ufunguo wake na hatukumbuki nani aliweka nini.

MCHANGIAJI (mwanafunzi wa falsafa)

Shikamoo mwalimu. Chuoni tunasoma falsafa kwa Kiingereza na mifano yote ni ya Ulaya. Tumefika kwa Descartes, "nafikiri, kwa hiyo nipo", na mhadhiri anasema hilo ndilo jambo moja ambalo haliwezi kutiliwa shaka. Mimi nikilisema kwa Kiswahili naona kama kuna kitu kimebadilika lakini siwezi kukishika. Ni mimi tu?

MLETA MADA

Marahaba mwanangu. Si wewe tu, na umeshika kitu kikubwa.

Lisikilize: nipo. Kwa Kiswahili huwezi kusema jambo lipo bila kuliweka mahali. Nipo, niko, nimo: hapa, huko, ndani. Hata Mwenyezi Mungu tunasema yupo. Ile "po" ni ya mahali. Descartes alipoandika mwaka 1637 alikuwa anatafuta nafsi tupu, isiyo na mwili wala mahali, fikra peke yake. Ukiileta kwetu, jirani atakuuliza, "Upo wapi?" Na swali lake si la ujinga. Kwa lugha yetu, kuwa bila kuwa mahali ni jambo linalohitaji kuelezwa kwanza.

Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyefariki mwaka 2022, aliliona jambo hili hili katika Kiakan, ambako kuwepo ni kuwa pale. Ushauri wake kwa wanafalsafa wa Afrika ulikuwa rahisi na mgumu: chukua tatizo ulilofundishwa kwa lugha ya kigeni, lifikirie upya kwa lugha yako, uone kama bado ni tatizo. Mengine yatabaki, maana yanatuhusu binadamu wote. Mengine utagundua yalikuwa matatizo ya sarufi ya watu wengine. Kabla yake padri Alexis Kagame wa Rwanda, mwaka 1956, alizipanga aina za viumbe na vitu kwa kufuata ngeli za Kinyarwanda: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Mtu, kitu, mahali, namna. Jaribu kuzitamka hizo nne, unaona ni ndugu zetu kabisa. Katika "ahantu" aliweka mahali na wakati pamoja, na sisi tunaposema "hapo zamani" au "alipofika" hatutenganishi saa na mahali.

Wapo waliompinga Kagame kwa hoja nzito. Paulin Hountondji wa Benin alisema huwezi kuchukua sarufi ya watu ukaiita falsafa yao, maana falsafa ni kazi ya mtu anayefikiri, kubisha na kuandika, haimo mdomoni mwa kabila zima bila mtu kuifanyia kazi. Namwelewa, na kwa kiasi kikubwa nakubaliana naye. Kuwa na neno "nipo" hakutufanyi wanafalsafa. Kunatupa mahali pa kuanzia, tukitaka kuanza. Mwombe mhadhiri wako akuruhusu uandike insha moja kuhusu "po, ko, mo", hata kama utaiandika kwa Kiingereza.

MCHANGIAJI (Dar es Salaam)

Nimerudi, yule mhandisi. Umenijibu kistaarabu, nakushukuru. Hoja ya gereji imenikaa. Kuna kitu kimoja hujasema, shule ilimwongezea nini yule kijana? Maana tusije tukasema mvuvi anajua kila kitu.

MLETA MADA

Swali zuri kuliko yote humu, na hapo ndipo kisa kinapofika mahali ninapopapenda.

Nilipomaliza kumwambia majina ya Kiingereza nilimuuliza kwa nini bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka. Akasema ndivyo ulivyo mwezi, una nguvu siku hizo. Nikachukua kijiti, nikachora mchangani jua, mwezi na dunia kwenye mstari mmoja, nikamweleza kwamba jua nalo huyapandisha maji ingawa kwa kiasi kidogo kuliko mwezi, na vinapokaa mstari mmoja nguvu zao zinajumlika. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta ubavuni na mwezi unavuta kwingine, ndipo yanapokuja maji mafu. Akakaa kimya. Akasema, "La jua sikulijua." Hakusema kwa unyonge. Alisema kama mtu aliyeonyeshwa chumba kingine ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mvuvi anajua lini, shule ilikuwa na kwa nini, na vitu hivyo viwili vilikuwa havijapata kukutanishwa.

Kisha akautazama mchoro tena na kuniuliza: "Mwezi mpevu si jua liko huku na mwezi uko kule? Wanavutana kinyume. Mbona maji hayafi?"

Wakuu, nimefundisha mada hiyo kwa Kiingereza mara nyingi sana, darasa baada ya darasa. Sijawahi kuulizwa swali hilo. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuwa na neno la kuliulizia. Na kitabu chetu hakikulijibu, ilinibidi niende kusoma upya.

Jibu lenyewe, kwa wanaotaka: mwezi huyavuta maji ya upande unaouelekea kuliko unavyoivuta dunia yenyewe, na huivuta dunia kuliko unavyoyavuta maji ya upande wa nyuma. Kwa hiyo maji hutuna pande mbili, mbele na nyuma, na ndiyo maana yanajaa mara mbili kwa siku. Jua nalo hutunisha pande mbili vivyo hivyo. Vikiwa mstari mmoja, iwe upande mmoja au kila kimoja upande wake, matuno yao yanaangukiana. Nilimweleza Jumatatu, kwa Kiswahili, nje ya kipindi. Kisha tukaandika pamoja kwa Kiingereza, sentensi nne, akazishika zote, maana sasa zilikuwa na kitu ndani.

Ndiyo maana sipiganii Kiingereza kiondoke. Kifundishwe, tena vizuri kuliko sasa, kama lugha. Ninachokililia ni lile swali lake. Ni maswali mangapi ya namna ile yamekaa kimya nyuma ya darasa, karibu na dirisha?

MCHANGIAJI (Shinyanga)

Mwalimu, nimesoma mpaka hapa na kuna kitu kinanichoma. Unaongea kana kwamba Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani ya kila mtu. Mimi ni Msukuma. Nimeanza darasa la kwanza sijui Kiswahili. Tulichapwa kwa kuongea kilugha, na aliyetuchapa alikuwa Msukuma mwenzetu. Yule kijana wako alifeli kwa Kiingereza, mimi nilifeli darasa la kwanza kwa Kiswahili, nikaambiwa mzito. Baba yangu anajua udongo kuliko bwana shamba yeyote, na kwenye mkutano wa kijiji huwa haongei kwa sababu Kiswahili chake kinachekwa. Hapo unasemaje?

MLETA MADA

Ndugu yangu, nimekaa na ujumbe wako siku mbili kabla ya kujibu.

Umesema kweli, na imenigusa mimi mwenyewe. Mimi ni Mhehe, nami nimewahi kusimamia darasa na kuwaambia watoto "hapa ni Kiswahili tu" bila kufikiri mara mbili. Nchi hii ina lugha zaidi ya 120. Kiswahili kimetupa kitu ambacho majirani wengi hawanacho, mtu wa Bukoba na wa Newala kukaa meza moja na kuelewana, na sitakibeza. Lakini hata hiki Kiswahili sanifu kilichaguliwa. Mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, Waingereza waliamua Kiunguja kiwe msingi wake, na Kimvita, lahaja ya Mombasa aliyoitungia mashairi Muyaka bin Haji, chenye ushairi mkubwa namna ile, kikawekwa kando. Mtu wa Mombasa aliyeandika hapo juu anaweza kutueleza ladha yake. Kila lugha inapopewa kiti cha mtihani, kuna mtu anaamka asubuhi na kukuta anachokijua hakihesabiki.

Chukua ngitili ya huko kwenu, ambayo naijua kwa kusoma tu: ukoo au kijiji hutenga eneo la malisho, halichungwi masika, linangoja kiangazi. Mradi wa HASHI ulipoanza kurudisha miti Shinyanga mwaka 1986, uliifufua ngitili, na neno lenyewe likaingia kwenye ripoti za wataalamu kama lilivyo, kwa Kisukuma, kwa sababu hawakupata neno jingine. Kwa hiyo inawezekana. Lakini nina hakika mwanafunzi wa Shinyanga leo anaweza kulikariri kwa mtihani na asijue ni lile eneo la babu yake.

Nieleze habari ya baba yako na udongo. Naomba kwa dhati, kama mwanafunzi.

MCHANGIAJI (Shinyanga)

Nimempigia simu jana. Alicheka kwanza, akasema kumbe mwalimu anataka kujua. Halafu akaongea nusu saa.

Yeye hashiki kipimo. Anainama, anachukua udongo kiganjani, anautemea mate kidogo, anausokota. Usiposokoteka ukamwagika, huo ni luseni, wa mchanga, unalimika mapema mvua zikianza, lakini unachoka haraka. Itogolo chini yake kuna tabaka gumu, maji hayapiti upesi, ndiyo maana majaruba ya mpunga yako huko. Mbuga ni ule mweusi wa bondeni, masika unamng'ang'ania ng'ombe miguu, kiangazi unapasuka nyufa mpaka mkono unaingia. Kwenu mbuga ni ya wanyama, sivyo? Kwetu ni udongo. Alisema ukimwonyesha shamba tupu mwezi wa tisa atakwambia ni udongo gani kwa nyasi zilizobaki tu, hata bila kuinama.

MLETA MADA

Ahsante. Mfikishie salamu zangu, mwambie shikamoo.

Nimeyaandika yote kwenye daftari la kipindi. Nina kidato cha tatu wanaoanza mada ya udongo wiki ijayo, na darasani nina watoto watano ambao wazazi wao wamehamia kutoka kwenu na mifugo, wako kimya muda wote. Nataka nianze na kiganja na mate kabla ya ubao. Muulize baba jambo moja: hizo nyufa za mbuga, udongo wa juu ukidondokea ndani kiangazi kizima, mvua zikija zikaziba, huwa anaona udongo wa chini umepanda juu? Kitabu changu kinasema unajigeuza wenyewe, na nataka kujua yeye analiitaje jambo hilo.